Jinsi ya Kujenga Nadharia Inayoshikamana Unapoitazama Tamthilia ya Dark

Tamthilia ya Kijerumani iitwayo Dark, hadithi ya kusafiri katika wakati iliyobuniwa na Baran bo Odar na Jantje Friese, ina sehemu 26 zilizogawanywa katika misimu mitatu, na karibu kila sehemu humwachia mtazamaji maswali mengi kuliko aliyoanza nayo. Ndiyo maana mashabiki wake hawaishii kutazama tu. Hubuni nadharia, huzitetea kwa nguvu zote, na wakati mwingine hununiana kwa sababu yake. Mwongozo huu unaeleza namna ya kubuni nadharia itakayostahimili maswali ya wenzako, na namna ya kutoa maoni siri zikishafichuka bila kuwaharibia uhondo wale ambao bado wako njiani. Mifano haiwezi kueleweka bila kutoboa siri za misimu yote mitatu, kwa hiyo ambaye bado hajaimaliza na aahirishe kusoma.

Nianze na msimamo ambao ndio msingi wa yote yanayofuata. Nadharia nzuri si ile inayowaacha watu midomo wazi, bali ile inayotangaza mapema ni jambo gani likionekana itabidi itupwe. Mtu anayesema "huyu jamaa ana siri kubwa" hajasema kitu, kwa kuwa Winden, mji wa kubuni ambamo hadithi inatokea, hauna mtu asiye na siri. Anayesema "huyu ni yule akiwa mzee, na nikimwona amekufa akiwa kijana nimekosea" amefanya kazi.

Tarehe kwanza, dhana baadaye

Tafuta daftari, na ulipange kwa miaka badala ya kulipanga kwa sehemu za tamthilia. Watu wengi huandika "sehemu ya kwanza, sehemu ya pili" na kuendelea, kisha wakifika katikati ya msimu wanajikuta wana orodha ndefu isiyowaonyesha nini kilitangulia nini, kwa sababu hadithi yenyewe haisimuliwi kwa mpangilio huo. Tenga ukurasa mmoja kwa mwaka 1953, mwingine kwa 1986, na mwingine kwa 2019, kwani hiyo ndiyo miaka mikuu ya msimu wa kwanza, ambao unamalizika kwa kuchungulia mwaka 2052. Msimu wa pili unasogea mwaka mmoja mbele na kupanua wigo: 1921, 1954, 1987, 2020 na 2053. Msimu wa tatu unaongeza 1888 pamoja na dunia ya pili inayofanana na ile ya kwanza, na hapo utahitaji kalamu ya rangi nyingine, maana mwaka mmoja utakuwa na kurasa mbili.

Ukitoa mwaka mmoja kutoka kwa unaofuata, utaona kwamba pengo ni 33 kila mara. Katika msimu wa kwanza, fundi saa H. G. Tannhaus anaeleza kwamba kila baada ya miaka 33 mwendo wa mwezi na wa jua hulingana tena. Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki, au yeyote anayefunga Ramadhani, hana haja ya kuliamini jambo hili kwa sababu tu limetamkwa kwenye skrini, kwa kuwa analiishi. Mwaka wa Kiislamu una siku kama 354, kwa hiyo Ramadhani hurudi nyuma takriban siku 11 kila mwaka wa kawaida, na baada ya miaka 33 huwa imezunguka misimu yote ya mwaka na kurejea ilipokuwa. Ramadhani ya mwaka 1440 Hijria ilianza wiki ya kwanza ya Mei 2019; ile ya 1406 ilianza karibu na tarehe 10 Mei 1986. Miaka 33 ya jua ni siku 12,053 hivi, na miaka 34 ya mwezi ni siku 12,048 hivi. Tofauti haifiki siku tano. Fundi saa wa Winden, basi, hakubuni namba hiyo kutoka hewani, ingawa namna mapango ya mji huo, ambamo watu hupita kutoka mwaka mmoja hadi mwingine, yanavyoitumia ni ubunifu mtupu.

Kwa nini jambo hili ni muhimu kwa mjenga nadharia? Kwa sababu kanuni inayojulikana inakuwezesha kubashiri kabla hujaonyeshwa. Aliyeshika hesabu hiyo msimu wa kwanza ulipomalizika angeweza kuandika kwamba tutapelekwa nyuma zaidi ya 1953, hadi 1920 au karibu na hapo, na msimu wa pili ukafunguka mwaka 1921. Ubashiri huo ulikuwa na uwezekano wa kukosea, na haukukosea. Hata watayarishaji na waonyeshaji walicheza na tarehe nje ya hadithi: msimu wa pili ulitolewa na Netflix tarehe 21 Juni 2019, siku ambayo katika hadithi Michael Kahnwald, baba wa kijana Jonas, anajinyonga, na wa tatu ukatolewa tarehe 27 Juni 2020, siku ambayo katika hadithi Winden inaangamia.

Kuna jambo dogo la saa ambalo huwavuruga watazamaji wetu hasa. Barua anayoiacha Michael imeandikwa kwamba isifunguliwe kabla ya tarehe 4 Novemba, saa 22:13. Ukiandika "saa 4:13 usiku" ukurasa mmoja, na ukurasa mwingine ukanakili saa kama ilivyo kwenye manukuu, baada ya wiki mbili hutajua ni ipi ni ipi. Chagua mfumo wa saa 24 tangu mwanzo na usibadilishe. Vivyo hivyo na usiku: mtoto Mikkel Nielsen anapotea usiku wa tarehe 4 Novemba 2019 na kujikuta tarehe 5 Novemba 1986. Mtu aliyezoea kusema "usiku wa kuamkia" anaweza kwa urahisi kuliweka tukio katika siku isiyo yake, na siku moja katika tamthilia hii inatosha kuivunja nadharia nzima.

Mwisho wa kila mstari, andika umeijuaje tarehe hiyo. Imeonyeshwa kwenye skrini? Imetajwa na mhusika? Umeikadiria mwenyewe kwa kuangalia magari na mitindo ya nywele? Aina ya tatu iandike kwa penseli.

Chora ukoo kwa maneno ya nyumbani

Familia kuu ni nne: Kahnwald, Nielsen, Doppler na Tiedemann. Michoro mingi ya mashabiki imejaa mishale na picha ndogo ndogo hadi haisomeki. Ushauri wangu ni kwamba, pamoja na mishale, uandike juu ya kila mstari jina la udugu kama ungelitumia nyumbani kwenu, kwa kuwa lugha yetu inabainisha upande wa baba na wa mama, mkubwa na mdogo, na hivyo hukufanyia nusu ya kazi.

Chukua mfano wa Jonas Kahnwald. Baba yake, Michael, ndiye Mikkel Nielsen, mtoto aliyeangukia mwaka 1986 na kulelewa na muuguzi Ines Kahnwald. Kwa hiyo Ulrich Nielsen, polisi anayemtafuta Mikkel kama mtoto wake aliyepotea, ni babu mzaa baba wa Jonas. Katharina, mkuu wa shule anayosoma Jonas, ni bibi yake. Magnus, kaka wa Mikkel, ni baba mkubwa. Martha, msichana anayempenda, ni shangazi yake. Na Hannah, mama yake Jonas, ambaye ana uhusiano wa siri na Ulrich, ni mkaza mwana wa Ulrich huyo huyo. Ukishaandika neno "shangazi" kando ya jina la Martha, huhitaji mtu akueleze kwa nini Mgeni, yule mwanamume wa makamo mwenye koti na mkoba, anamtazama msichana huyo kwa uso ule.

Patakuwa na mahali ambapo maneno yataishiwa nguvu. Charlotte Doppler, mkuu wa polisi, ni mama wa Elisabeth. Na Elisabeth, kama msimu wa pili unavyobainisha, ndiye mama wa Charlotte. Hapo usifute na usidhani umekosea kuchora. Zungushia duara, kwa sababu kila mstari wa ukoo unaojirudia wenyewe ni alama kwamba waandishi wamepitisha mtu kupitia wakati.

Lakini faida kubwa ya mchoro huu iko katika mapengo yake. Pitia majina yote na uweke alama ya kuuliza penye mzazi asiyejulikana. Aliyefanya hivyo baada ya msimu wa kwanza alipata orodha fupi: wazazi wa Charlotte, baba wa Tronte Nielsen, baba wa Regina Tiedemann, na asili nzima ya padri Noah. Karibu kila siri kubwa iliyofuata ilikaa ndani ya orodha hiyo. Charlotte ni mtoto wa Noah na Elisabeth. Baba wa Tronte ni yule mwanamume asiye na jina, mwana wa Jonas na Martha wa dunia ya pili. Baba wa Regina si Tronte kama watu wengi walivyoshikilia, na jambo hilo ndilo linaloeleza kwa nini Regina anaweza kuwa hai mwishoni wakati jamaa wengi hawapo kabisa. Ningependa kusisitiza kwamba orodha ya mapengo ina thamani kuliko nadharia kumi za kuvutia. Mtazamaji mwenye muda mdogo na afanye hiyo tu.

Pima uzito wa ushahidi

Si kila unachokiona kina uzito sawa. Vitu na miili ndiyo mashahidi wazuri kuliko wote, kwa sababu katika tamthilia hii kitu hakidanganyi kuhusu kilikotoka. Mwaka 1953, kwenye uwanja utakapojengwa mtambo wa nyuklia, polisi wanakuta miili ya wavulana wawili, na mmoja wa maofisa, Egon Tiedemann, anashangazwa na lebo ya nguo inayoonyesha kuwa imetengenezwa China. Kwa Mjerumani wa 1953 jambo hilo halina maana. Kwa mtazamaji ni tarehe kamili. Lebo hiyo moja inaeleza mwelekeo wa safari, yaani kwamba miili imetoka mbele kurudi nyuma, na inampa mtazamaji haki ya kuuliza kama ule mwili wa mvulana uliokutwa msituni mwaka 2019, wenye mavazi ya miaka ya 1980, haukusafiri upande wa pili. Ndivyo ilivyokuwa: ulikuwa wa Mads, mdogo wake Ulrich aliyepotea mwaka 1986.

Makovu yanakaribia uzito huo. Mgeni ana alama ya kamba shingoni tangu msimu wa kwanza, wakati Jonas kijana hana. Wengi waliokuwa wakisema kwamba Mgeni ni Jonas aliyekua walitegemea macho na umbo la uso, na mwisho wa msimu wakaambiwa wako sahihi. Lakini hoja yenye nguvu ilikuwa ile iliyokwenda hatua moja zaidi na kusema kwamba, kama ni yeye, basi Jonas atavishwa kitanzi na atapona. Msimu wa pili unampeleka Jonas mwaka 2053, na huko ananyongwa na kukatiwa kamba angali hai. Baadaye Adam, mzee aliyeharibika uso, anaitumia alama hiyo hiyo kuthibitisha kwamba naye ni Jonas.

Sura ina uzito wa wastani. Waliowachagua waigizaji wa Dark walifanya kazi iliyosifiwa sana, kiasi kwamba mtu mmoja akichezwa na waigizaji watatu wa rika tofauti huwezi kusita. Hata hivyo sura inaweza kukudanganya, kwa kuwa ndugu hufanana, na Winden ni mji wa ndugu.

Maneno ya wahusika yapewe uzito mdogo kuliko yote, hasa yanapotoka kwa watu wanaozungumza kama manabii. Noah anadanganya, naye mwenyewe amedanganywa. Adam anadanganya. Eva, ambaye ni Martha aliyezeeka katika dunia ya pili, anadanganya kwa utulivu zaidi. Claudia Tiedemann, mama wa Regina, anawadanganya Adam na Eva kwa muda mrefu, na ni kwa udanganyifu huo tu kwamba fundo linafunguliwa. Unapoandika jambo lililosemwa na mmoja wao, tanguliza jina lake: "Adam anadai kwamba…". Tabia hii ndogo itakuokoa mara nyingi.

Kuna pia mambo ambayo si ushahidi kabisa. Ujerumani Magharibi haikuwa na ruhusa ya kujishughulisha na utafiti wa nyuklia hadi mwaka 1955, kwa hiyo mtambo unaoandaliwa Winden mwaka 1953 umewahi kupita kiasi. Je, ni dalili kwamba kuna msafiri wa wakati aliyepenyeza maarifa? Mtu anaweza kulijengea hilo nadharia nzuri mno. Mimi ningeliacha, kwa sababu hakuna mhusika anayelishangaa, hakuna tukio linalolitegemea, na mzunguko wa miaka 33 ulihitaji mtambo uwepo mwaka huo, waandishi wakautimiza. Dalili halisi huguswa zaidi ya mara moja. Jambo lililoonekana mara moja na kusahauliwa na kila mtu, wakiwamo waandishi, ni pambo au ni kosa.

Tambua sheria za dunia hiyo kabla ya kubishana nazo

Swali la kwanza katika hadithi yoyote ya kusafiri katika wakati ni kama yaliyopita yanaweza kubadilishwa. Nadharia nyingi za msimu wa kwanza zilianguka kwa kutolijibu swali hili. Watu waliandika kurasa nyingi wakieleza jinsi Ulrich atakavyomwokoa Mikkel, au jinsi Jonas atakavyozuia kifo cha baba yake, ilhali jibu lilikuwa tayari mbele ya macho yao.

Mtazame Helge Doppler. Katika mwaka 1986 yeye ni mtu mzima mwenye sikio lililoharibika na makovu usoni. Karibu na mwisho wa msimu, Ulrich anafika 1953, anamkuta Helge akiwa mtoto, na akiamini kwamba akimuua atazuia mauaji yajayo, anampiga kwa jiwe na kumwacha akidhani amekufa. Mtoto anapona, na anabaki na makovu yale yale tuliyoyaona tangu mwanzo. Kovu limeonekana kabla ya kipigo. Maana yake ni kwamba Ulrich hakuingia katika historia kuibadilisha. Daima alikuwa sehemu yake. Mtazamaji aliyeliweka tukio hilo kwenye ukurasa wa 1953 na lingine kwenye ukurasa wa 1986, akachora mstari kati yake, alikuwa na sheria ya tamthilia mkononi mwake.

Msimu wa pili unalithibitisha kwa ukatili zaidi. Jonas anarudi hadi mkesha wa kifo cha Michael ili amsihi asijiue, na anagundua kwamba baba yake hakuwa na wazo hilo hata kidogo. Yeye Jonas ndiye anayemletea habari zake. Katika sehemu hiyo hiyo anajifunza kwamba aliyempeleka Mikkel pangoni ni yeye mwenyewe. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo sehemu bora kuliko zote 26, na ndiyo ningemwonyesha mtu anayedhani tamthilia za aina hii ni mchezo wa akili usio na moyo.

Sheria ya pili inahusu vitu visivyo na mwanzo. Tannhaus anapewa kitabu ambacho yeye mwenyewe atakiandika, na mashine ya wakati inapitishwa kutoka mkono mmoja hadi mwingine kiasi kwamba ukitafuta aliyeibuni kwanza unarudi ulikotoka. Unapojenga nadharia, usitumie muda wako kutafuta chanzo cha kitu cha namna hii ndani ya mzunguko, kwa kuwa hakimo. Uliza badala yake: kama ndani hakuna mwanzo, je, kuna mwanzo nje? Swali hilo hasa ndilo lililokuwa ufunguo wa mwisho wa hadithi. Kuna dunia ya tatu, ile ya asili, ambamo Tannhaus alifiwa na mwanawe, mkwewe na mjukuu mchanga katika ajali ya gari mwaka 1971, akajaribu kuwarejesha kwa mashine aliyoiwasha mwaka 1986, na kwa kufanya hivyo akazizaa dunia mbili tulizozitazama kwa misimu mitatu.

Andika nadharia yako, kisha itafutie sababu ya kufa

Umbo linalofaa ni fupi: dai katika sentensi moja, ushahidi kwa kutaja msimu na sehemu, kisha jambo litakaloiangusha. Mfano mzuri wa kujifunzia ni ile nadharia iliyoenea sana baada ya msimu wa kwanza, kwamba padri Noah ni Bartosz Tiedemann akiwa mtu mzima. Haikuwa porojo. Noah anaonekana na umri ule ule katika miaka iliyoachana sana, kwa hiyo ni msafiri. Asili yake haijulikani, kwa hiyo ni mojawapo ya mapengo. Mwishoni mwa msimu anamvuta Bartosz upande wake kwa namna ya mtu anayemfahamu vyema. Na Bartosz ni rafiki wa Jonas aliyegeuka mpinzani wake kwa sababu ya Martha, jambo linaloufanya uadui wa baadaye uwe na mantiki. Mtu angeiandika hivi: "Noah ni Bartosz aliyekua. Nadharia hii itakufa tukimwona Noah kijana akiwa na sura nyingine, au tukimwona Bartosz akizeeka kwa njia tofauti."

Msimu wa pili ukafunguliwa mwaka 1921, pangoni, na Noah kijana, mwenye sura isiyo ya Bartosz, akimuua mwanamume anayechimba naye. Nadharia ilikufa dakika hiyo. Walioiandika kwa uwazi waliifuta wakasonga mbele. Wale walioiandika kwa mafumbo walikaa msimu mzima wakiitafutia viraka. Kisha msimu wa tatu ukafichua kwamba Noah ni mtoto wa Bartosz na Silja, binti wa Hannah, na kwamba yule mwanamume aliyeuawa pangoni alikuwa Bartosz mwenyewe. Nadharia iliyokosea, basi, ilikuwa imeelekeza kidole kwenye familia iliyo sahihi. Kwangu mimi hiyo ilikuwa na faida zaidi kuliko ile ya "Mgeni ni Jonas", ambayo ilikuwa sahihi lakini haikumfundisha mtu chochote ambacho waandishi hawakuwa wakikaribia kukisema.

Usiifanye nadharia moja ieleze kila kitu. Ikianza kumhusisha mtambo, Noah, ndege wanaoanguka kutoka angani na mama yake Katharina kwa pamoja, igawanye.

Kutoa maoni siri zikishafichuka

Baada ya sehemu nzito, andika kwanza ulichokuwa ukikitarajia, kisha kilichotokea, na mwisho unavyojisikia. Wengi huanza na hisia, na ndani ya saa chache wanaamini kwamba walijua tangu mwanzo. Daftari lenye tarehe halikuruhusu kujidanganya hivyo.

Ukitaka kukosoa, kosoa kwa kipimo cha dalili. Watu wengi walilalamika kwamba dunia ya pili iliangukia hadithi bila taarifa, pale Martha mwenye nywele za mtindo mwingine anapotokea mwishoni mwa msimu wa pili na kumwambia Jonas kwamba swali si wakati gani bali ni dunia gani. Sikubaliani nao. Picha za utangulizi zimegawanyika kama kwenye kioo tangu sehemu ya kwanza kabisa, na aliyeziruka kwa kubonyeza kitufe asimlaumu mwandishi. Lakini lalamiko jingine lina uzito: ule upenyo wa kitambo kifupi wakati wa maangamizi ya Winden, ambapo wakati unasimama na mnyororo wa sababu na matokeo unakatika, unaelezwa kwa uwazi mwishoni kabisa, tena na Claudia peke yake, na suluhisho lote linauegemea. Hapo mtazamaji aliyejenga nadharia zake kwa uangalifu ana haki ya kuona kwamba hakupewa vifaa alivyostahili.

Kuhusu adabu ya siri, kanuni ni moja: taja ulipofika kabla ya kusema lolote. Katika kundi la WhatsApp la ndugu au la wafanyakazi wenzako, anza ujumbe kwa kuandika msimu na sehemu, acha mistari kadhaa mitupu, ndipo uandike hoja yako. Usimtaje mhusika katika mstari wa kwanza, maana mstari huo ndio unaoonekana kwenye skrini ya simu iliyofungwa. Na kama shemeji yako anauliza "Noah ni nani?", huku yuko sehemu ya tano ya msimu wa kwanza, mjibu kwamba ni padri. Ni kweli. Netflix ilitengeneza mwongozo rasmi wa tamthilia hii kwenye mtandao ambao hukuuliza umefika sehemu gani na kukuonyesha ukoo hadi hapo tu, mwelekeze huko.

Jiandae pia kwa uwezekano kwamba majibu hayatakuja. Watunzi hawa hawa walirudi Novemba 2022 na 1899, hadithi ya meli ya wahamiaji wanaotoka Ulaya kwenda New York, yenye sehemu nane zilizojaa dalili, na Januari 2023 ikatangazwa kwamba haitaendelea. Nadharia zilizoandikwa kwa umbo nililoeleza bado zinasomeka na kujadiliwa, kwa sababu kila moja inabeba ushahidi wake. Zile zilizosema tu "subirini msimu wa pili mtaona" hazina tena mahali pa kusimama.

Na hata hadithi iliyomalizika huacha vitu wazi kwa makusudi. Ofisa Torben Wöller anatembea msimu wa kwanza akiwa na bandeji jichoni bila mtu kueleza kilichompata. Katika dunia ya pili jicho lake ni zima, ila mkono mmoja haupo. Katika karamu ya mwisho, ndani ya dunia ya asili, anaanza hatimaye kuisimulia ajali hiyo mezani, naye anakatizwa kabla hajafika popote. Tenga ukurasa wa nyuma wa daftari kwa mambo ya namna hii, uandike juu yake "mzaha wa waandishi", na usiyajengee nadharia yoyote.